Kurasa Nne za Mize

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Barua hii inakuja kwa mkono wa mke wa mwalimu wetu wa takwimu, ambaye anakwenda kwao Urambo kumwona mama yake. Ameniahidi kwamba akifika Tabora atapita nyumbani akukabidhi wewe mwenyewe, si jirani. Goti lako linasemaje? Umepunguza kukanyaga cherehani kwa mguu huo, au ukiambiwa bado unajibu kwamba nguo za watu hazijishoni zenyewe? Na Babu je, amekubali miwani? Nawaombea afya kila baada ya swala. Mimi mwilini ni mzima, nakula, na Mama Mdogo Rehema ananitunza kama ulivyomwagiza.

Kwenye simu kila ukiniuliza nakujibu salama. Si salama, Mama. Unanijua, maneno yangu hayapendi kutoka kinywani, na mtandao wenyewe ukikatika mimi hushukuru. Kwa hiyo nimeona niandike. Nimefanya jambo baya. Si la mwanamume, najua moyo wako umekwisha kukimbilia huko. Kaa chini usome taratibu.

Unajua kozi yangu, ile unayowaambia wateja wako kwamba Zuhura anasomea upolisi. Si upolisi. Tunasoma namna kosa linavyosafiri, kutoka kwa aliyeumizwa mpaka kituoni, kwa mwendesha mashtaka, mahakamani, mpaka jela au mpaka mtu kuachiwa. Mkuu wa kozi hiyo ni mume wa Mama Mdogo, huyu Maalim Shaame ninayemwita Baba Mdogo. Chuoni namwita Maalim kama wenzangu, nyumbani namtengea maji ya kunawa. Nilipofika huku mara ya kwanza alinipa chumba alichokuwa akikaa marehemu mama yake, na mpaka leo hajanionyesha kwa jicho wala kwa neno kwamba mimi ni mgeni. Hili ulishike, maana ndilo lililonifunga.

Sasa mwaka huu kozi yetu ilikuwa ifanyiwe tathmini. Kila baada ya miaka kadhaa wanakuja wakaguzi, wanatazama mtaala, vitabu na walimu, wanawasikiliza wanafunzi, kisha wanaamua kozi iendelee ilivyo, ibadilishwe au ifungwe. Wakatuambia kila mwanafunzi aandike maoni yake kwa lugha anayoitaka, halafu katibu wa darasa ayafupishe kwa Kiingereza, kurasa mbili. Katibu wa darasa ni mimi. Walinichagua kwa ajili ya kile Kiingereza ulichonipeleka kukisomea, na mimi nilikubali kwa sababu katibu hasemi, anaandika tu.

Karatasi nilizozikusanya zingekuchekesha. Wengi waliomba feni. Mmoja aliandika kwamba walimu ni wazuri mno ila Ijumaa watutoe mapema. Mwingine alichora mlango wa choo usio na komeo, hakuandika hata neno. Na katikati yake zikaja kurasa nne za Mize, kwa Kiswahili, mwandiko umesimama kama yeye, na jina lake juu wakati tuliambiwa tusiandike majina.

Mize nimekutajia kwenye simu. Kwao Chokocho, kusini mwa Pemba hii. Ni mrefu, ana sauti ya kuongoza kasida, na hukaa dawati la mbele kwa sababu haogopi kuulizwa. Mimi nilikaa pembeni yake kwa sababu akiulizwa yeye siulizwi mimi. Jioni nilikuwa namfafanulia noti za Kiingereza, maana noti zetu zote ni za Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza, na yeye akinirekebisha Kiswahili changu cha bara. Nikikosea alikuwa akisema, "Zuhura, ukisema hivyo kwetu utachekwa mpaka na kuku." Ndiye mtu pekee wa hapa chuoni niliyeweza kucheka mbele yake bila kuziba mdomo.

Muhula uliopita tulipokwenda mafunzo ya vitendo, tunayaita fildi, mimi nilipangiwa ofisi moja hapa mjini Chake Chake kupanga majalada. Mize akapangiwa kituo kimoja cha upande wa kwao. Akaletwa pale mtoto wa kike wa miaka tisa, wa kijiji chao hicho hicho, mkono umevunjika. Aliyemvunja ni mjomba wake anayeishi naye. Askari alimwambia Mize, "Andika weye maelezo, una mwandiko mzuri," akamwachia meza.

Mize akaandika kama tulivyofundishwa. Fupisha, ondoa yasiyohusu kosa, fuata mpangilio wa kitabu. Yule mtoto, kama watoto wote, hakuanza na mkono. Alianza na uji uliomwagika, akapita kwa mbuzi, akasema bibi yake alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele na aliona yote na alipiga kelele. Mize akayapepeta yale maneno, yakabaki mistari saba misafi ya kitabuni. Bibi akatoka pamoja na mbuzi. Askari akasoma, akasema vizuri sana, akatia saini.

Mahakamani mtoto akasema habari ya bibi. Wakili wa yule mjomba akanyanyua karatasi, akauliza mbona bibi hayumo, ametokea wapi leo, nani amemfundisha mtoto maneno haya. Mtoto akanyamaza, hakusema tena. Kisha wazee wa pande mbili wakakutana mbele ya sheha, ambaye huku ni kama mwenyekiti wetu wa mtaa, wakasema ni jambo la nyumba moja, walimalize wenyewe. Kesi ikaondolewa. Mtoto akarudi nyumba ile ile, kwa mjomba yule yule. Na Mize kila akienda kwao humkuta kisimani, mkono umeunga vibaya, na mtoto humwamkia, "Shikamoo dada Mize," kama hakuna kilichotokea.

Hayo ndiyo aliyoyaandika kwenye zile kurasa. Hakumlaumu mtu kwa jina ila yeye mwenyewe. Aliandika kwamba kozi yetu inatufundisha kuandika maelezo kwa ajili ya mwalimu asahihishe, si kwa ajili ya mtu atakayesimama kizimbani nayo. Aliomba somo hilo lifundishwe kwa Kiswahili, kwa mazoezi, kwa kuwasikiliza watu wanavyosema wenyewe, na mtu asipelekwe fildi kabla hajalipita. Aliponipa alisema, "Hizi uzitie zote kama zilivyo. Fupisha za feni."

Nikamwambia sawa.

Mama, huku kuna neno wanalitumia sana, muhali. Kwetu tungesema haya, lakini haya haifiki. Ni ule uzito unaokushika ulimi ukitaka kumkatalia au kumsema mtu ambaye umekula kwake. Siku ile mchana tulikuwa tunakula, Baba Mdogo alikuwa amechelewa chuoni na wakaguzi. Mama Mdogo akasema tu, huku anagawa mchuzi, "Mwalimu wenu siku ya tatu hii chai anaiacha ipoe. Wakimharibia hawa, sijui itakuwaje." Hakuniangalia. Hakuniomba kitu. Hakuna mtu aliyeniomba kitu, nataka ulijue hilo usije ukamnunia mdogo wako.

Nikaingia chumbani nikaandika zile kurasa mbili. Nikaandika feni. Nikaandika choo. Nilipofika kwa Mize nikaweka kalamu chini. Nikamwona Baba Mdogo anasoma mbele ya wageni kwamba kozi yake imempeleka mtoto kwenye nyumba ya kupigwa. Nikaandika, kwa Kiingereza kizuri ulichonilipia, kwamba wanafunzi wameridhika na mafunzo ya vitendo ila wangependa muda uongezwe kidogo. Kurasa nne za Mize nikazifungia kwenye daftari langu la zamani. Nilijiambia nitazipeleka kesho kando kando, baada ya kufikiri. Kesho ilipofika nilikuwa nimeshakabidhi.

Ripoti ikaja baada ya muda, ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Kozi imepita, iendelee ilivyo. Walimu wakapeana mikono. Mize akanivuta mkono mpaka kwenye ubao, akaweka kidole kwenye sehemu ya wanafunzi, akasema, "Hebu nisomee hapa, Kizungu chao kirefu."

Ikabidi nimtafsirie maneno yangu mwenyewe. Nikasoma, wanafunzi wameridhika. Nikasoma, muda uongezwe kidogo.

"Yangu yako wapi?"

"Labda wameyaweka mbele," nikasema. Ona Mama, nikaongeza uongo juu ya uongo, na sauti haikutetemeka.

Akafunua ukurasa baada ya ukurasa, polepole, anatafuta japo neno mtoto, japo neno Chokocho. Alipofika mwisho hakugeuka. Aliniuliza akiwa bado anatazama ubao.

"Uliwapa?"

Nikajifanya nasoma tangazo la pembeni.

"Zuhura. Uliwapa?"

"Nilimwonea muhali Maalim."

Nilidhani atanipiga kelele, Mize ana sauti ya kujaza ukumbi. Alicheka kidogo puani. "Muhali," akasema. "Askari alimwonea muhali yule mjomba mtu, wamesoma chuo kimoja cha Kurani. Sheha kawaonea muhali wazee. Wazee wameoneana muhali wenyewe kwa wenyewe. Na weye wa kuja, mwaka mmoja tu, ushajifunza vizuri kuliko siye tuliozaliwa hapa."

Akaenda darasani akakusanya vitabu vyake. Wiki ile hakuonekana, wala ile ya pili. Mwalimu akaita jina lake asubuhi, kisha akaliruka, kisha akalipiga mstari. Darasani wanasema Mize amedisko, yaani ameshindwa masomo akaondolewa, kwa sababu ya Kiingereza. Mimi peke yangu ndiye ninayejua, na sikuwasahihisha.

Nilikaa hivyo siku nyingi. Chakula nilikuwa nakisukuma, Mama Mdogo akaanza kuniuliza kama nina mchango wa tumbo, akanichemshia mwarobaini. Nikaunywa wote. Niliona nastahili kitu kichungu.

Mwishowe siku moja baada ya Alasiri Baba Mdogo alikuwa amekaa barazani peke yake anasahihisha. Nikaenda na daftari, nikatoa zile kurasa, nikaziweka juu ya kazi zake. Alizisoma zote, akarudia ya tatu, ile ya bibi mlangoni. Nilikuwa nimesimama, nikisubiri anifukuze au amshutumu Mize.

"Hizi zimekuja lini?"

"Kabla ya ripoti, Baba."

"Zilikuwa wapi?"

"Kwangu."

Akavua miwani. "Nani kakwambia uzifiche?"

"Hapana mtu. Niliogopa zitakuharibia."

Nilisikia Mama Mdogo ndani anatwanga kitunguu thomu. Kisha akaniambia maneno ambayo nayakumbuka yote. "Mwanangu, miye hili nimeliomba miaka mitatu. Nimeandika, nimepeleka, nimekaa kwenye vikao. Kila mara n'naambiwa, Maalim, mbona wanafunzi wenyewe hawalalamiki? Nikisema miye, wanasema natafuta vipindi. Nilikuwa nawasubiri wakaguzi hawa kama mtu anavyosubiri mvua. Nilitaka mwanafunzi mmoja tu aseme." Akazikunja kurasa vizuri, kwa mikunjo ile ile aliyoikuta. "Umenihurumia vibaya, Zuhura."

Nililia pale pale mbele yake. Hakunikemea. Angenikemea ningepata pa kushika. Aliniuliza tu nataka kufanya nini, nikamwambia sijui, akasema, "Anayejua ni weye. Miye nikikuamrisha itakuwa yangu, haitokuwa yako."

Nikaandika barua kwa wakaguzi. Kwa jina langu, kwamba mimi katibu niliyaondoa maoni ya mwanafunzi mwenzangu kwa hiari yangu, kwamba niliyoyaandika mahali pake ni uongo, na hizi hapa kurasa zake. Nikapeleka nakala, nikaweka asili. Jibu lilikuja, aya moja. Ripoti imekwisha kupitishwa na haifunguliwi. Maoni yamepokelewa na yatahifadhiwa kwa tathmini ijayo. Ijayo, Mama, mimi nitakuwa nimeshaondoka, na yule mtoto atakuwa msichana mkubwa. Chini yake wameandika kwamba wamekiarifu chuo kuhusu mwenendo wangu. Ukatibu nimevuliwa, na kamati ya nidhamu itaniita wiki ijayo.

Baba Mdogo ameanza somo lake mwenyewe. Wale wa mwaka wa kwanza wanaokwenda fildi anawakalisha kila alasiri chini ya paa la maegesho, anawaita majirani waje wasimulie chochote, kuibiwa kuku, ugomvi wa mpaka, na wanafunzi waandike neno kwa neno. Jirani mmoja mzee alimwambia mwanafunzi, "Nisomee ulichokiandika," akasomewa, akasema, "Huyo si miye, futa." Walicheka wote. Mimi niko nyuma nawagawia karatasi. Halimo kwenye mtaala, halina alama, na chuo kikimkataza litakufa. Lakini wiki hii wamekuja kumi na wawili.

Akanituma nimwombe Mize aje awafundishe. Nilikwenda Chokocho nikiwa na lile jibu la wakaguzi na kurasa zake. Mama, nilitaka anitukane. Alinipokea kama mgeni. Akatandika mkeka mpya, mama yake akaleta chai na muhogo, akaniuliza habari za safari, habari za nyumbani kwetu bara, akaniita "dada Zuhura". Tulikuwa hatujawahi kuitana dada. Kila neno lake lilikuwa na adabu, na kila adabu ilinisogeza mlangoni.

Alisoma jibu, akanirudishia. Nikamwambia ombi la Maalim.

"Mwambie Maalim namshukuru. Miye nishasema mara moja."

"Nisamehe, Mize."

"Miye nimekusamehe," akasema, kwa upesi, kama mtu anavyojibu salamu. "Lakini hukunikosea miye peke yangu. Nyumba ile yenye ua wa makuti, ya tatu kutoka hapa. Nenda."

Unajua mimi hata dukani huomba mtu anisindikize. Nilikwenda. Mjomba mtu hakuwapo, na mtoto ametumwa kuni. Alikuwapo bibi, amekaa mlangoni anachambua mchele. Nikaamkia, nikasema natoka chuoni. Yule bibi akaiona kalamu niliyoishika, sijui hata kwa nini nilikuwa nimeishika. Akasogea, akanipa kibao nikalie.

"Umekuja kuniandika?" akasema. "Miye nilikuwa nangoja kuitwa. Nikasema pengine wameshindwa kuijua nyumba."

Sikuwa askari, Mama. Sikuwa mtu wa mahakama, wala katibu tena. Nilitakiwa kumwambia hivyo kwanza, na nilimwambia. Akasema, "Haidhuru. Andika." Nikaandika. Alisema kila kitu, na mengine mengi yasiyohusu, harusi yake, mwaka aliokufa mumewe, na mimi sikuondoa kitu. Akimaliza ananiambia nisome, nasoma, ananirekebisha. Niliandika kurasa tisa. Akatia dole gumba kwa wino wa kalamu yangu.

Kisha akauliza, "Sasa utaipeleka wapi?"

Maneno mazuri ya kumfariji yalinijia mengi, unajua nilivyosomeshwa. Nikasema, "Sijui, bibi."

Akatikisa kichwa taratibu, akarudi kuchambua mchele wake. Mtoto akatokea na kuni kichwani, amezishika kwa mkono mmoja. Akaniamkia. Nikaitika, nikaondoka.

Nimempa Baba Mdogo zile kurasa tisa. Ana mtu anayemjua kwa waendesha mashtaka, anasema atauliza kama jalada linaweza kufunguliwa upya, ila hakuniambia nitarajie. Mize hajarudi chuoni na hajibu simu yangu. Dawati lake nakaa pembeni yake bado, na sasa mwalimu akiuliza swali naulizwa mimi.

Nisalimie Babu, mwambie miwani haimzeeshi. Msalimie shangazi wa sokoni anayetuuzia asali, na kaka yangu akipita kutoka machimboni mwambie sijasahau kitabu chake. Fundi mwenzako wa cherehani ya pili naye mpe salamu zangu, na yule mwalimu wangu wa darasa la saba ukikutana naye msalimie tu, usimweleze haya. Mama Mdogo anakusalimu sana, yeye hajui kila kitu, mumewe atamwambia akitaka.

Kamati inaweza kukupigia simu, namba yako ndiyo niliyoiandika kwenye fomu. Watakuuliza tabia yangu nyumbani. Wewe utataka kunitetea, utasema Zuhura ni mpole, bado mtoto, hakujua alitendalo. Nakuomba usiseme hivyo, Mama. Nilijua.

Mwanao anayekuhitaji kuliko anavyoweza kusema,

Zuhura
Chake Chake, Pemba